Mbili Maana Yake Nipo

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu juu ya miguu ya chuma, mgongo umeegemea kibanda changu cha kushona viatu, pale barabara ya sokoni inapokutana na ile inayokwenda ofisi ya maji. Asubuhi kivuli kinatosha watu watano, kama hakuna aliyenenepa. Mama Birika anakaa kwenye stuli yake na jiko la mkaa, mkono wa kulia unamimina kahawa, mkono wa kushoto unanyamazisha watu. Breki ni dereva mstaafu wa malori. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Profesa alifundisha shule ya msingi miaka thelathini, na mpaka leo hajakubali kwamba kengele ya kwenda nyumbani ilishalia. Mzee Spana, fundi bomba mstaafu wa ofisi ya maji, ndiye mkubwa wetu. Anakaa mwisho wa benchi upande wa kushoto, siku zote hapo hapo, na ukimwahi pale anasimama mbele yako kimya mpaka unahama mwenyewe. Mimi ni Soli. Nasimulia mimi kwa sababu wenzangu wakisimulia kila mtu anatia chumvi yake, na jambo hili halihitaji chumvi.

Binti alitokea Jumanne, saa nne asubuhi, ameweka chuma begani. Ovaroli ya ofisi ya maji ilikuwa imemmeza, mikono ameikunja mara nne.

— Shikamooni wazee wangu. Niwieni radhi kuwakatiza maongezi.

— Marahaba, Breki akajibu. Huo mkuki unamwinda nani?

— Si mkuki, babu. Ni chuma cha kusikilizia. Ncha hii naiweka chini, kibao hiki nakiweka sikioni, nasikia bomba linalovuja. Ningefika mapema, ila motokaa ya idara imeharibika.

Breki alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Motokaa! Mara ya mwisho kusikia neno hilo nilikuwa navaa kaptula. Nani kakufundisha Kiswahili, binti, bibi kizee?

— Babu yangu mzaa baba, akasema, naye anacheka. Alikuwa fundi bomba hapa hapa mjini, kabla hajahama nchi. Baba yangu alizaliwa huko, na mimi huko huko. Kiswahili changu chote ni cha babu.

Akatueleza. Alikuwa anasomea uhandisi wa maji, mwaka wa mwisho. Wenzake wamekwenda kufanya mazoezi kwenye makampuni makubwa yenye lifti. Yeye akaandika barua kuomba kujitolea miezi mitatu kwenye ofisi aliyofanyia kazi babu yake. Baba yake akamkatalia: kuna nini huko, babu yako mwenyewe hakutaka kurudi hata kuzikwa. Akaja hivyo hivyo. Ofisini hawakujua wamfanyie nini. Wiki ya kwanza walimpa kiti. Wiki ya pili mwenye kiti akarudi kutoka likizo. Basi wakamtolea chuma kile stoo, na ramani ya mabomba iliyochanika kwenye mikunjo, wakamwambia azunguke mji, nusu ya maji inapotea na hakuna ajuaye inapotelea wapi.

Mimi nilikuwa namtazama Mzee Spana. Tangu binti afungue mdomo alikuwa ameshika kikombe hewani, hakinywi wala hakiweki. Baadaye aliniambia kwamba ile sauti, ukifumba macho, haikuwa ya msichana wala ya mgeni.

— Naomba mnipishe kidogo, binti akasema. Nasikiliza hatua kwa hatua, na hapa pamekaliwa.

Tukainuka. Spana akainuka wa mwisho.

— Hapa hakuna bomba, akasema.

— Hata ramani inasema hivyo, babu. Nasikiliza tu nisiruke mahali.

Akaweka ncha ya chuma chini, pale pale zilipokuwa ndala za Spana. Akafumba macho. Sisi tukaendelea na habari zetu za uchaguzi wa soko. Baadaye kidogo tukaona hasogei. Dakika nzima, labda mbili. Alipofumbua macho uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye umati asioujua.

— Bomba linalovuja linasema shhh, kama mafuta kwenye kikaango, akasema polepole. Maji yakipita kawaida yanavuma. Pampu inapumua. Hiki si chochote kati ya hivyo.

— Ni nini basi? Mama Birika akauliza.

— Kinagonga. Mara mbili. Kinanyamaza. Mara mbili tena.

Ukisema hivyo kijiweni umemwaga mtama mbele ya kuku.

— Joto, Profesa akasema hapo hapo. Ardhi ikipata jua inatanuka, ikipoa inasinyaa. Inalia kama bati.

— Bati halihesabu mpaka mbili, Breki akasema. Hao ni wezi. Wanachimba njia kutoka duka la nguo kwenda benki.

— Benki iko upande ule, wewe.

— Ndiyo ujue ni wezi, hawajui njia.

Binti hakucheka. Akanipa mimi chuma. Nikainama, nikaweka kile kibao sikioni. Mwanzoni nilisikia damu yangu mwenyewe. Kisha nikasikia: ko, ko. Nikadhani ni nyundo yangu, nikageuka. Nyundo ilikuwa imelala juu ya meza, peke yake. Ko, ko. Haikuingia masikioni tu, niliisikia kwenye meno.

Profesa akasikiliza, akarekebisha miwani yake, akasema joto, lakini safari hii alisema kwa sauti ndogo. Breki akasikiliza, akasema hasikii kitu, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara. Mama Birika alikataa, akasema kazi yake ni kahawa. Mwishowe udadisi ukamshinda. Akaweka sikio, akakaa nalo muda mrefu, akarudisha chuma kwa mikono miwili.

— Huyo ni mtu, akasema.

— Mzee Spana, nawe sikiliza, Profesa akamwambia. Wewe ulikuwa fundi.

— Mimi masikio yangu yamekufa, Spana akajibu. Na nimekwambia, hapa hakuna bomba.

Kesho yake binti alirudi kabla hata jiko halijashika moto. Hakuwa amelala, ilionekana. Akatusalimu wote, akakaa katikati yetu kwenye benchi, chuma kati ya magoti.

— Nataka kuwauliza kitu, na msinione mwendawazimu, akasema. Nyumbani kwetu, kabla ya kula, babu alikuwa anagonga meza mara tatu. Halafu anasubiri. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kujibu mara mbili. Ukichelewa anagonga tena. Nilidhani ni mchezo wa kwetu tu. Siku moja nikamuuliza, akaniambia ni lugha ya mafundi bomba wa zamani, hapakuwa na simu. Mmoja yuko kwenye valvu, mwenzake yuko mbali kwenye mtaro, wanaongea kwa kugonga bomba. Tatu maana yake uko wapi. Mbili maana yake nipo.

Kwenye jiko mkaa ulipasuka, Breki akaruka.

— Wiki yake ya mwisho hospitali hakuwa anaongea tena. Alikuwa anagonga chuma cha kitanda kwa pete. Tatu. Nikamjibu mbili, kama siku zote. Akafungua macho akanitazama, akatikisa kichwa. Akasema, "Si wewe." Lilikuwa neno lake la mwisho. Ndilo lililonileta huku, mkitaka ukweli. Barua ya kujitolea ilikuwa kisingizio.

— Mjukuu wangu, Mama Birika akasema, kunywa kahawa kwanza.

Hakunywa. Alisimama, akaigeuza ile fimbo ya chuma, akapiga ardhi kwa upande wa kibao mara tatu. Kisha akaigeuza haraka, akaweka sikio. Sisi tulisimama tumemzunguka. Hata watu wa sokoni waliokuwa wanapita walipunguza mwendo.

Hatukuhitaji chuma. Labda kwa sababu tulikuwa kimya kuliko siku zote, sijui. Wote tulisikia, kupitia nyayo.

Ko, ko.

Mzee Spana aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akaondoka bila kuaga. Tulimwona akivuka barabara bila kutazama magari.

Siku mbili hakuonekana. Siku mbili hizo kijiwe kilizungumza upuuzi wote uliowahi kuzungumzwa na binadamu, kwa sababu mtu mwenye hofu hawezi kunyamaza.

— Ni mto, Profesa alisema Alhamisi. Mto wa chini kwa chini, unasukuma jiwe.

— Na jiwe linajibu likiulizwa? nikamuuliza.

— Sawa. Basi nisikilizeni. Sauti inasafiri, si ndiyo? Hewani haraka, kwenye udongo inachelewa. Inawezekana tunachosikia leo kiligongwa zamani sana. Ndiyo kwanza kinafika juu.

Nywele za mikono yangu zilisimama. Profesa mwenyewe alionekana kujuta kusema.

Ijumaa Breki akaja na yake.

— Mimi nimefikiri. Ofisi ya maji si mnaijua? Mtu anapewa kazi, wanamsahau. Kuna mafundi huko chini waliotumwa zamani, na hakuna aliyewaambia wapande juu. Bado wanafanya kazi. Wakiulizwa uko wapi, wanasema nipo.

— Breki, Mama Birika akamwambia, nakuomba kwa heshima zote ufunge mdomo.

Binti alikuwa anakuja kila asubuhi, anapima kwa kamba, anaandika kwenye daftari. Alishaenda stoo ya ofisi kutafuta ramani za zamani. Hakuna bomba lililowahi kuandikwa hapa. Aliulizia wafanyakazi wa enzi za babu yake. Wote wamekufa, wakamwambia, amebaki mmoja tu. Wanamwita Spana.

Jumamosi Spana alikuja. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la mikono mirefu, amefunga mpaka kifungo cha shingoni. Mkononi alikuwa na koleo. Hakukaa. Alisimama mbele ya binti kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

— Bomba lipo, akasema.

Binti akafunga daftari.

— Halimo kwenye ramani kwa sababu lilikuwa la magendo. Msimamizi wetu alitaka maji yafike nyumbani kwake moja kwa moja. Tulichimba siku ya mapumziko, watu watatu tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Babu yako alikuwa kule kwenye valvu, karibu na ofisi, hatua mia mbili kutoka hapa. Mdogo wake alikuwa hapa, mwisho wa mtaro, anaunga.

— Babu alikuwa na mdogo wake?

Spana alimtazama kwa mshangao, halafu kwa huzuni.

— Hata jina hakuwaambia. Sisi tulimwita Sikio. Hapakuwa na bomba lililoweza kumdanganya. Hicho chuma ulichoshika kilikuwa chake.

Binti akakitazama chuma kile, akakilaza juu ya mapaja taratibu.

— Mvua ilikuwa imenyesha. Mtaro ulikuwa umepita kimo cha mtu, na hatukuweka mbao za kuzuia, tulikuwa na haraka tumalize siku hiyo hiyo. Mimi nilikwenda kuleta kiungo kutoka kwenye mkokoteni. Nikasikia sauti ndogo tu, kama mtu mnene anakaa kwenye godoro. Niliporudi, mtaro haupo.

— Ukafanya nini?

— Nikakimbia kwa msimamizi. Akaja, akatazama, akasema amekwisha kufa huyo. Tukianza kufukua watu watajaa, watauliza bomba ni la nani, wote tutafungwa. Akanipa koleo. Akasema fukia, sawazisha.

— Ukafukia.

— Nikafukia.

— Na alikuwa amekufa?

Nimemjua Mzee Spana nusu ya maisha yangu. Sikuwahi kumwona akitafuta pumzi vile, mdomo wazi, kama mtu aliyezama.

— Alikuwa anagonga, akasema.

Mama Birika aliweka mkono mdomoni.

— Babu yako kule kwenye valvu alikuwa hajui kitu. Anagonga tatu, anajibiwa mbili. Anajua mdogo wake yupo, kazi inaendelea. Anasubiri kidogo, anagonga tena, anajibiwa. Mimi niko katikati na koleo. Nawasikia wote wawili. Iliendelea mpaka jioni.

— Na jioni?

— Jioni msimamizi akamfuata babu yako, akamwambia mdogo wako ametoroka na vifaa vya ofisi, tumemtafuta hatumwoni. Babu yako akasema haiwezekani, amenijibu sasa hivi. Msimamizi akacheka, akasema unaota. Kesho yake mji mzima ukaambiwa Sikio ni mwizi. Babu yako alikaa mwaka mmoja. Kila siku akitoka kazini alikuwa anapita mitaani anagonga mabomba, kila bomba aliloona, mara tatu, anaweka sikio. Watoto wakawa wanamfuata wakimzomea, kaka wa mwizi, kaka wa mwizi. Halafu akahama. Mimi nilijua bomba lilipo. Sikumwambia.

Hapo Profesa alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati, akaifuta na kuifuta.

— Hili benchi, Spana akaendelea, ni mimi nililileta nilipostaafu. Soli, unakumbuka? Uliniuliza kwa nini hapa, kwenye vumbi la magari, nikakwambia napenda kuona barabara. Nilikuwa nakuja kukaa naye. Sikuwa na moyo wa kumtoa, basi nikawa nakaa naye.

— Miaka kumi na moja! Mama Birika akalipuka. Miaka kumi na moja unanifanya nimimine kahawa juu ya maiti ya mtu, unaniambia ongeza moto, ongeza moto!

Binti aliinua mkono, naye akanyamaza. Nilitegemea binti alie, au ampige yule mzee. Angempiga, mimi nisingemzuia. Akasimama, akatazama ardhi, akauliza kwa sauti ya kazi:

— Kichwa kiko upande gani?

Spana akaonyesha upande wa kibanda changu. Binti akachukua koleo mkononi mwake, akaanza upande wa miguu.

Tukatoa benchi. Breki alikwenda kuazima jembe na sululu kwa jirani, akarudi akikimbia, kitu ambacho daktari alishamkataza. Profesa alizuia watu. Mimi nilichimba. Baada ya saa moja injinia wa ofisi ya maji akafika na ile motokaa yao, imepona siku hiyo hiyo.

— Binti, simamisha! akapiga kelele kutoka dirishani. Hapa huna kibali. Wewe ni mtu wa kujitolea tu!

— Ndiyo maana, mkuu, binti akamjibu kutoka shimoni, bila kuinua kichwa. Hamjaniajiri. Mtanifukuza wapi?

Injinia alishuka. Spana alimvuta pembeni, akamnong'oneza sikioni. Niliona rangi ikimtoka injinia usoni. Akapiga simu polisi, halafu akavua koti, akaingia shimoni naye.

Tulilifikia bomba kwanza. Bomba la chuma, limeliwa na kutu, lakini bado zima. Halafu binti akatuambia tusimame sote, akaendelea mwenyewe kwa mikono. Alifukua mkanda wa ngozi. Kisha mkono. Sitaki kusema mengi. Mifupa ya vidole ilikuwa imelala kwenye bomba, imelizunguka, na spana ndogo imo ndani ya vidole. Na pale, juu ya chuma cha bomba, palikuwa na mahali pamebonyea, pameliwa, upana wa sarafu. Injinia alipitisha kidole pale, akakitoa haraka.

Polisi walipokuja walifuata bomba pande zote mbili. Upande wa valvu lilikatwa zamani sana, walipojenga barabara. Upande wa nyumba ya msimamizi halikuwahi kuungwa. Lilikuwa kipande tu, hatua kumi na tatu, limezibwa na udongo pande zote, kavu kama kuni. Halikushikana na kitu chochote duniani.

Binti aliweka ncha ya chuma juu ya bomba, akagonga tatu. Tukasubiri. Akagonga tena tatu. Akasubiri sana, sikio limebanwa kwenye kibao, macho yamefumbwa.

Kimya.

Ndipo akalia. Alikaa kwenye tope na ovaroli yake kubwa, akalia kwa sauti kama mtoto, na Mama Birika akashuka kwenye shimo lile na gauni lake, mwenyewe na magoti yake mabovu, akamkumbatia.

Alimpigia baba yake simu akiwa pale pale, mikono ina udongo, akaweka sauti ya nje kwa sababu hakutaka simu iguse uso. Alimweleza kwa maneno machache.

— Kwa hiyo ndiyo maana hakutaka kutuambia, baba yake akasema. Aliona aibu ya kuwa na ndugu mwizi.

— Hakuiba, baba. Vifaa vyote viko hapa. Ninavitazama.

— Mama yangu, baba akasema, akimwita binti yake hivyo. Usimwache peke yake mpaka nifike.

Alifika baada ya siku nne, mtu mzima mwenye mvi, hajawahi kukanyaga ardhi hii, anasalimia kila mtu shikamoo mpaka wadogo zake. Spana alikwenda polisi kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemkamata. Aliandika maelezo kurasa sita. Msimamizi alishakufa miaka mingi, kazikwa kwa hotuba. Walimrudisha Spana nyumbani, wakamwambia asiondoke mjini. Akasema yeye hajawahi kuondoka.

Siku ya mazishi hakuthubutu kusogea kaburini. Alisimama mbali, karibu na uzio. Jeneza liliposhushwa, binti alitoka kwenye kundi la wafiwa akamfuata mpaka pale, akampa koleo. Watu wakaanza kunong'ona. Nilikuwa karibu, nilisikia alichomwambia.

— Sijakusamehe, babu. Sijui kama nitaweza. Lakini uje umfukie kama mtu.

Spana alifukia. Alifukia taratibu, koleo kwa koleo, na kila baada ya koleo alisimama, kichwa ameinamisha upande. Nilijua anafanya nini. Sisi wote tulikuwa tunafanya hivyo hivyo, mji mzima umesimama makaburini mchana kweupe, umetega masikio. Tulisikia upepo na kikohozi cha mtu. Udongo ulijaa, ukasawazishwa.

Binti alimaliza miezi yake mitatu. Alikuta mivujo arobaini na moja mjini, na mtaa wetu siku hizi unapata maji mpaka mchana. Ofisini walimpa barua ya shukrani yenye mhuri. Akaomba barua nyingine, ya kusema kwamba fundi fulani hakuwahi kuiba. Injinia aliiandika kwa mkono wake, ikabandikwa mlangoni, watu wakapanga foleni kuisoma. Kisha akaondoka na baba yake. Aliahidi kurudi. Tukamwambia karibu, na tulikuwa tunamaanisha, ingawa Breki alisema pembeni kwamba akirudi asije na kile chuma.

Shimo lilishindiliwa, tukarudisha benchi. Palizuka mjadala, tuliweke pale pale au tulisogeze. Profesa alisema pale pale, maana kisayansi hakuna tofauti. Tukaliweka pale pale. Spana haji tena. Mwisho wa benchi upande wa kushoto hakuna anayekaa. Hatukukubaliana, imetokea tu.

Juzi alikuja mwanamke mmoja, muuguzi, kahamishiwa hapa kutoka mbali, ukanda wa nyuma wa kiatu chake cha kazi umeachia. Nikamwambia akae asubiri. Akakaa pale mwisho kushoto, hakujua. Mama Birika alimpa kahawa. Breki hakuweza kujizuia, akamsimulia yote, mwanzo mpaka mwisho, mikono inaruka. Muuguzi alisikiliza vizuri, anatikisa kichwa, anasema masikini, masikini. Breki alipomaliza, akafikiri kidogo.

— Na ninyi miaka yote hiyo mlikuwa mnakaa wapi?

— Hapa hapa, Breki akasema. Kila siku ya Mungu, asubuhi mpaka adhuhuri.

— Na ilikuwa inasikika mpaka kwenye nyayo?

— Mpaka kwenye nyayo, dada yangu!

— Sasa mbona hakuna aliyesikia?

Aliuliza bila ubaya, kama anavyouliza mgonjwa maumivu yalianza lini. Breki alifungua mdomo, akamtazama Profesa. Profesa akatazama barabara. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe, halikutoa kitu, na hakulinyanyua tena, akabaki kalishika hivyo hivyo. Mimi nilikuwa na sindano katikati ya ngozi. Nikajaribu kukumbuka asubuhi hata moja, moja tu, tuliyokaa kwenye benchi lile bila kuongea.

Muuguzi alisubiri jibu. Alipoona halipo, aliinua miguu yake kutoka chini, ule wenye kiatu na ule usio na kiatu, akaikunja juu ya ubao taratibu, akakaa hivyo mpaka nilipomaliza kushona.